Ramani za Madini: Nasi Tuzisome

Leo nataka tuzungumze habari ya karatasi. Si kadi ya uanachama, wala si stakabadhi ya korosho, ambazo kila mmoja wetu huzitunza vizuri sandukuni. Nasema habari ya ramani: zile karatasi kubwa zenye mistari ya rangi ya udongo inayozunguka vilima, mito ya buluu, na majina ya vijiji yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Wengi wetu tuliziona shuleni zimetundikwa ukutani, tukazipitia mpaka mtihani ulipokwisha, kisha tukazisahau. Walakini wako watu ambao hawakuzisahau hata siku moja, na watu hao ndio wanaojua kuliko sisi kilichomo chini ya mashamba yetu.

Ye yote aliyepata kutoka Masasi kwenda Newala kwa njia ya Chiungutwa ameiona nchi ilivyo. Nyuma yake ameacha vilima vya mawe vya Masasi, vimesimama kimoja kimoja kama vyungu vilivyofudikizwa. Mbele yake uwanda wa Makonde umeinuka kama ukuta, na kusini nchi inateremka mpaka mto Ruvuma. Sisi nchi hiyo twaijua kwa miguu. Mama aliyeteremka gengeni kuchota maji, akapanda tena na ndoo kichwani, hahitaji mtu wa kumwambia mlima una kimo gani. Lakini serikali haitawali kwa miguu, na kampuni haichimbi kwa miguu. Zote hufanya kazi kwa karatasi. Mwenye karatasi akisema mahali fulani ni pori tupu, na wewe huna karatasi ya kumjibu, basi pori hilo litakuwa tupu hata kama babu yako amezikwa humo.

Tutazame kwanza jinsi nchi hii ilivyoingia katika karatasi. Katika miaka ya 1860 Dr. Livingstone alisafiri katika bonde la Ruvuma, na katika habari zilizotokana na safari zake lilikuwamo neno la makaa ya mawe. Neno hilo lilifika Unguja, likakaa masikioni mwa Sultani Barghash. Sultani alikuwa na meli za moshi, na meli za moshi hula makaa. Mwaka 1881 akamwajiri Mskoti kijana, Joseph Thomson, aende Ruvuma akayatazame makaa hayo. Thomson alikwenda, akatazama, akarudi na jibu lisilopendeza: hakuna makaa ya kufaa, yako mawe meusi tu yenye mafuta kidogo, yasiyoweza kuendesha meli. Sultani hakufurahi. Lakini taarifa ya safari ile ilichapwa London mwaka 1882 katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia, na miaka miwili kabla yake, katika jarida hilo hilo, Padre Chauncy Maples wa misheni ya Masasi alikuwa amekwisha kuandika habari za Masasi na nchi ya Ruvuma. Makaa hayakupatikana, lakini nchi ilikwisha andikwa. Aliyetaka kuja baadaye alijua njia, alijua maji yalipo, na alijua jina la mkubwa wa kila kijiji cha kulala.

Wajerumani walipokuja waliifanya kazi hiyo kwa bidii zaidi. Kati ya 1895 na 1897 alipita katika nchi hii mtaalamu wa migodi aitwaye Wilhelm Bornhardt, akipima miamba na kutafuta mali ya ardhini. Kitabu chake kikubwa kilitoka Berlin mwaka 1900. Vilima vyetu vya mawe vilimstaajabisha kwa jinsi vinavyosimama peke yake katika nchi tambarare, mfano wa visiwa baharini, akavipa jina la "inselberg", yaani mlima wa kisiwa. Neno hilo wanafunzi wa dunia nzima wanalisoma mpaka leo, na kilima cha namna hiyo chenye mgongo wa mviringo huitwa "bornhardt" kwa heshima ya mtu aliyepita hapa kwa muda mfupi tu. Mtandi ulikuwapo na jina lake kabla hajazaliwa babu yake Bornhardt. Simlaumu kwa kuandika. Nauliza tu kwa nini mtoto wa Masasi hulijua jina la mgeni kwanza, na pengine asiambiwe kabisa kuwa mlima ulioko nyuma ya nyumba yao ndio unaosomwa katika vyuo vikuu vya Ulaya.

Ramani kubwa ya Wajerumani ya nchi yetu yote ilichapwa Berlin kwa vipande vingi, kuanzia miaka ya 1890. Aliyeianza ni Richard Kiepert, wakaiendeleza Paul Sprigade na Max Moisel. Kipimo chake ni moja kwa 300,000, maana yake sentimita moja juu ya karatasi ni kilometa 3 za ardhi, hata kidole gumba chako kinafunika mwendo wa saa moja na zaidi. Ilitengenezwaje? Ofisa, mmisionari au mtafuta madini alitembea na dira na saa mkononi. Aliandika: saa fulani nimeondoka, nimekwenda upande huu, baada ya dakika kadhaa nimevuka kijito, kilima kiko kushoto. Kimo cha mlima alikipima kwa chombo kinachoonyesha uzito wa hewa. Madaftari hayo yalipelekwa Berlin, na wachoraji ambao wengi wao hawakuonja jua la Lindi wakaunganisha njia moja na nyingine. Kwa hiyo ukizitazama shiti hizo utaona kuwa penye njia pamejaa maandishi, na kati ya njia na njia ni peupe. Weupe ule, ndugu zangu, si ukosefu wa watu. Ni mahali ambapo Mzungu hakupita.

Jambo hilo ndilo msingi wa maneno yangu yote ya leo, kwa maana kosa la kusoma weupe kuwa ni utupu halikwisha na Wajerumani.

Madini nayo yalikuwamo katika hesabu tangu mwanzo. Huku kwetu kusini, karibu na Ruvuma, Wajerumani walifungua mgodi wa vito vyekundu viitwavyo garneti, wakauita Luisenfelde kwa jina la mwanamke wa kwao. Bei ilipoanguka waliuacha. Profesa Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipozunguka Masasi na Newala mwaka 1906, mgodi ule ulikuwa umekwisha kuwa gofu. Mwaka huo huo wa 1906 mhandisi wa kampuni ya kutafuta madini ya Lindi, Bernhard Sattler, aliikuta mifupa mikubwa kule Tendaguru, nchi ya Lindi, ambayo wenyeji walikuwa wakiishi nayo siku zote. Kati ya 1909 na 1913 zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilichimbwa huko, zikabebwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, zikapelekwa Berlin. Mnyama mmoja aliyeunganishwa kwa mifupa hiyo amesimama katika jumba la makumbusho la mji huo, kimo chake yapata mita 13. Msimamizi mmojawapo wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Ramani iliyochorwa kutafutia vito ilionyesha njia ya kutolea mifupa; mwenye ramani hakosi cha kuchukua.

Huyo Weule ametuachia jambo moja ambalo wale wanaosema "ramani ni mambo ya Wazungu" yafaa walisikie. Alikuja huku kwa kuwa machafuko ya siku zile yalimzuia kwenda alikokusudia, na katika safari yake aliwapa wapagazi na wenyeji karatasi na kalamu, akawaambia wachore wapendacho. Mmoja wao, mtu wa bara, alichora njia kuu ya misafara itokayo pwani kwenda bara, kituo kwa kituo na mito yake kwa mfululizo. Weule aliichapa katika kitabu chake cha 1908. Mtu yule hakupata kusomea kazi hiyo mahali po pote. Aliitembea njia, akaimeza, akaitoa. Na tukumbuke kwamba majina karibu yote yaliyomo katika ramani za Wajerumani na za Waingereza yalitoka katika vinywa vya watu kama yeye: mpagazi, askari, kiongozi wa njia, mzee aliyeulizwa "Hapa paitwaje?" Mara nyingine mzee alijibu "Sijui" kwa lugha yake, na neno hilo likaandikwa kuwa jina la mto. Katika ramani za siku zile vijiji viliitwa kwa jina la mkubwa wake: kwa Matola, kwa Nakaam. Mkubwa akihama, ramani ilibaki imeshika jina mahali pasipokuwa na mtu, na mahali penye watu hapana jina.

Waingereza walikuja na chombo kipya, nacho ni ndege. Mwaka 1946 walianzisha London ofisi ya upimaji wa makoloni, ambayo tangu 1957 iliitwa Ofisi ya Upimaji wa Ng'ambo. Ndege ziliruka zikipiga picha moja baada ya nyingine, na picha hizo zikageuzwa kuwa ramani za moja kwa 50,000, ambazo sentimita 2 ni kilometa moja. Ni ramani nzuri, sitakataa. Mistari ya kontua imefuatana na mlima kama nyuzi za kikapu: inaposongamana ndipo penye genge, inapoachana ndipo penye tambarare. Shiti zake za nchi yetu ndizo wapimaji na wanajiolojia wanazozianzia kazi mpaka sasa. Na wanajiolojia wa Idara iliyokuwa na makao yake Dodoma waliikata nchi katika miraba ya nusu digrii kwa nusu digrii, kila mraba ukapewa namba, wakaenda kuutembea na nyundo, kisha wakaupaka rangi: rangi hii ni jiwe gumu la kale, rangi hii ni mchanga, alama hii ni madini yaliyoonekana. Namba zile za miraba zingali zinatumika. Kijana wa kampuni anapozungumza na mwenzake juu ya nchi yako, pengine hatataja Chiungutwa wala Chiwata. Atataja namba.

Sasa sikilizeni jinsi macho ya ndege yanavyoweza kudanganya. Mwaka huo huo wa 1946 Serikali ya Uingereza ilimtuma Bwana John Wakefield na wenzake wawili kuchagua mahali pa kulima karanga. Walimaliza kazi kwa wiki 9, sehemu kubwa wakiwa angani, na wakateua Kongwa, Urambo, na jirani zetu wa Nachingwea. Wagogo wa Kongwa walikuwa na mambo ya kuwaambia juu ya mvua ya kwao na udongo wao unaogeuka kama saruji wakati wa kiangazi, hawakuulizwa. Mradi ulipovunjwa mwaka 1951 hasara ilikuwa pauni milioni 36. Sisi wa kusini tuliachiwa bandari ya Mtwara, na reli ya kwenda Nachingwea ambayo nayo iling'olewa katika miaka ya 1960. Hasara ile ililipwa na walipa kodi wa Uingereza. Ya leo, ikitokea, tutailipa sisi.

Kwa maana leo si siku za Sultani tena. Nchi ni yetu, na madini yote ni mali ya Jamhuri. Hivyo ndivyo sheria isemavyo, na ndivyo Chama kilivyotaka. Sheria ya Madini ya 2010, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, iliipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni ya mgodi mkubwa bila kuzinunua, na halmashauri hulipwa ushuru wa huduma kutokana na mauzo. Mimi si mmoja wa wale wanaopinga kuchimba. Wenzetu wa Ruangwa wamekalia kinywe kingi, na dunia inayotengeneza betri inakihitaji. Taifa maskini haliwezi kukaa juu ya mali na kuitazama kama kuku akitazama punje ndani ya chupa. Nasema hivi: leseni ya madini haianzi shambani, inaanzia katika ramani. Mwombaji hutaja pembe za eneo lake kwa latitudo na longitudo, mraba unachorwa, leseni inatolewa. Mpaka hapo pengine hakuna mguu wa mtu uliokanyaga. Mwenyekiti wa kijiji huja kusikia baadaye, anapogongewa mlango na vijana wenye kofia ngumu.

Kuna wanaojibu kwamba sheria inamlinda mwanakijiji, maana mwenye leseni hawezi kuingia jirani na nyumba au shamba pasipo idhini ya maandishi, na tena fidia ipo. Ni kweli. Lakini sheria hiyo hulinda nyumba na shamba linaloonekana. Je, shamba lililolazwa miaka minne? Je, kisima cha kiangazi, ambacho hakina mtu miezi minane ya mwaka? Je, makaburi ya mahame? Hapo ndipo pana hatari, na nataka kila katibu wa tawi aielewe vizuri. Mwaka 1999 zilitungwa sheria mbili za ardhi kwa pamoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, inasema ardhi ya kijiji ni pamoja na ile ambayo wanakijiji walikuwa wakiitumia kwa miaka 12 kabla ya sheria kutungwa, hata ikiwa imelazwa, na hata ikiwa ni njia ya kupitishia mifugo. Maneno mazuri. Lakini dada yake, Sheria ya Ardhi, Namba 4, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, ile iliyo chini ya Kamishna na si chini ya kijiji, inaingiza humo na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Nani ataamua kuwa ardhi haitumiki? Ataamua mwenye karatasi. Tumerudi pale pale penye weupe wa ramani ya Berlin.

Na sisi tunayo sababu ya pekee ya kuogopa neno hilo "isiyotumika". Katika miaka ya 1970, hasa kuanzia 1974, wananchi walihamishwa kwenda katika vijiji vya pamoja, na mkoa wetu wa Mtwara ulikuwa miongoni mwa iliyotangulia, kwa kuwa vita vya kumwondoa Mreno vilikuwa ng'ambo ya Ruvuma. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji, na mengi yalipatikana. Mimi ni mtoto wa matunda yake. Lakini huko nyuma tuliacha mahame. Miembe na mikorosho ya babu imo humo, visima vimo, makaburi yamo. Watu hurudi kulima na kuokota korosho, kisha huondoka. Mgeni akitazama picha ya satelaiti ya mwezi wa Februari huona majani mabichi tu, anaandika: pori.

Hapa ndipo ramani ile ile iliyochorwa na mkoloni kwa faida yake inapogeuka kuwa shahidi wetu. Pembeni mwa kila shiti ya moja kwa 50,000 umeandikwa mwaka ambao picha za ndege zilipigwa. Shiti ambayo picha zake ni za kabla ya operesheni ya vijiji inaonyesha watu walivyokaa kabla ya kuhama: vidoti vya nyumba, njia za miguu, alama za mashamba. Mzungu aliyechora hakuwa mjomba wetu, wala hakujua kuwa siku moja mzee wa Kimakua atanyoosha kidole juu ya kazi yake na kusema, "Hapa ndipo kwa baba." Ndiyo sababu ushahidi wake una nguvu: hawezi kushitakiwa kwamba alitupendelea.

Tulipoitandaza shiti moja mezani katika mkutano wa tawi letu, chini ya mwembe, nilidhani wazee watasinzia. Hawakusinzia. Ubishi ulianza juu ya kijito kimoja, jina lake limeandikwa vibaya. Wayao wanalo lao, Wamakonde wanalo lao, na bibi mmoja akasema wote wamekosea kwa kuwa kijito hicho kilihama baada ya mvua kubwa. Vijana waliokuja na simu zao walinyamaza, maana katika ramani ya simu mahali pale hapana neno hata moja. Mkutano uliokuwa uishe saa kumi uliisha magharibi. Niseme kweli, katika kazi yangu ya kuitisha mikutano sijaona ajenda nyingine iliyowakalisha watu namna hiyo, hata ya bei ya korosho.

Lakini tusijidanganye. Ramani ya zamani haitoshi kushinda kesi; mpaka wa kijiji unathibitishwa kwa cheti cha ardhi ya kijiji, na haki ya mtu kwa hati yake ya kimila. Kijiji ambacho hakijapimwa na hakina mpango wa matumizi ya ardhi, hata kikiwa na ramani kumi za Kijerumani, kinakwenda vitani bila ngao. Ramani ya zamani inasaidia kabla ya hapo: inawaonyesha wapimaji mahame yako wapi, ili yaingizwe ndani ya mpaka wakati wa kupima, na isiwe kazi ya kulilia nje ya mpaka baada ya mgeni kufika. Tazameni wenzetu wa Ludewa, katika milima iliyo mashariki ya Ziwa Nyasa. Makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga yamo katika ramani za wanajiolojia tangu siku za Mwingereza. Mkataba na kampuni ya Kichina ulitiwa sahihi mwaka 2011, miaka ikapita mingi pasipo chuma kuyeyushwa, na wananchi waliokwisha kuhesabiwa mashamba yao wakaishi muda mrefu bila kujua wajenge au wasijenge, wapande au wasipande. Mlima ulijulikana vema katika karatasi. Maisha ya watu wa mlimani hayakuwa na mstari katika karatasi hizo.

Basi yako mambo ambayo Chama yatupasa kuyadai, na mengine kuyafanya wenyewe. Tudai kwamba kila ofisi ya kata iwe na shiti za eneo lake, zile za milima na zile za miamba. Za milima zinapatikana kwa Idara ya Upimaji na Ramani. Za miamba ziko Dodoma, kwenye Taasisi ya Jiolojia. Bei ya shiti si bei ya ng'ombe. Tudai pia kwamba Serikali iombe nakala za picha za ndege za nchi yetu. Picha za ile ofisi ya London zimehifadhiwa Edinburgh, Uskoti, katika mkusanyo wa taifa lao wa picha za angani. Haifai picha ya paa la nyumba ya babu yangu ikae Uskoti, mimi nisiweze kuiona pasipo kununua kwa fedha za kigeni. Ramani za Wajerumani, kwa upande wao, maktaba kadhaa za Ulaya na Marekani zimekwisha kuziweka katika intaneti bure. Mwalimu mwenye kompyuta moja anaweza kuzitoa na kuzipeleka darasani kesho. Tena leseni inapoombwa, Tume ya Madini ipeleke kijijini ramani ya mraba huo ikiwa imechorwa juu ya shiti yenye majina, si orodha ya tarakimu ambayo mwenyekiti hawezi kuisoma. Jambo hilo haligharimu cho chote ila karatasi na adabu.

Hata mchimbaji mdogo atafaidika. Kijana wetu anayetaka leseni ndogo, ambayo hudumu miaka 7, mara nyingi hushindwa si kwa kukosa nguvu za kuchimba bali kwa kukosa kujua eneo lake liko katika mraba gani, na kama mraba huo umekwisha shikwa na mtu wa mbali. Akijua kusoma shiti hatamlipa dalali ili aambiwe jambo lililoandikwa wazi.

Ya kufanya wenyewe ni haya. Kila tawi liteue watu watano: wazee wawili wanaojua mahame, mama mmoja anayejua visima vyote hata vya kiangazi, na vijana wawili wanaojua kuandika na kutumia simu kupima mahali. Waitembee ardhi ya kijiji na shiti mkononi. Kila kisima, kila kaburi, kila mti wa mpaka, kila shamba lililolazwa na jina la mwenyewe, viandikwe katika daftari na viwekewe alama juu ya nakala, si juu ya shiti yenyewe. Wakibishana juu ya jina waandike majina yote mawili. Daftari moja likae kwa mtendaji wa kijiji, la pili kwa katibu wa tawi, la tatu shuleni, maana moto na mchwa havichagui ofisi.

Sisi wa Chiungutwa tumekwisha kuteua watano wetu. Wataanza upande wa gengeni mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, kwa sababu nyasi zikiota makaburi ya mahame hayaonekani mpaka Juni. Matawi ya Masasi na Newala yanayotaka kuja kutazama jinsi kazi inavyofanywa yalete mtu mmoja mmoja, na kila mtu aje na chakula chake cha siku mbili.